Noah ya Kukodi Haimo Kwenye Gemu

Kimya kilikuwa kirefu. Test mbili ndani ya wiki moja, juu yake assignment ya kikundi ambayo kama kawaida majina ni manane na waliofanya ni wawili. Tuyaache hayo. Leo nataka tuongee magari: ya kwenye gemu na ya barabarani. Naona hapa chuoni watu wameanza kuyachanganya, na mchanganyiko wenyewe una safari ndani yake. Nitaifikia.

Kwanza nijiweke wazi, maana kuna watu wataanza kusema huyu ana wivu. Mimi gemu za mbio nazipenda kuliko wengi wenu. Nimekulia kwenye vibanda vya pleisteshen, wenzangu wakigombania zamu ya mpira mimi nasubiri wachoke ili niweke Gran Turismo. Gemu lile lilitoka Japani Desemba 1997, na mtu aliyelishika akitokea kwenye gemu nyingine za magari alishtuka. Kule kwingine gari lilikuwa picha tu inayokwenda mbio, kona unaikata mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Huku ukijaribu hivyo na gari linalovutwa na matairi ya mbele, pua inakataa kugeuka, unakwenda moja kwa moja ukutani. Ukichukua linalosukumwa na matairi ya nyuma ukakanyaga mafuta mapema kabla hujatoka konani, mkia unakuja mbele kukusalimia. Na mashindano mengi huingii mpaka uwe na leseni ya humo humo ndani ya gemu, ambayo mtihani wake wa mwanzo hauna mbio yoyote ya maana: ondoka, kimbia, simama ndani ya alama. Basi. Watu walikuwa wanafeli!

Nitasema kitu ambacho walimu wa udereva hawatakipenda. Gemu limenifundisha mambo ambayo shule ya udereva haikunifundisha. Shuleni nilifundishwa alama za barabarani, kurudi nyuma na kuegesha, na mwalimu muda mwingi alikuwa na simu sikioni. Hakuna aliyeniambia kwamba ukikanyaga breki uzito wa gari unahamia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na ndiyo maana breki inakanyagwa KABLA ya kona, siyo ndani yake. Hakuna aliyeniambia kwamba tairi ni kama bumu: ukilimaliza lote kwenye breki, hakuna kinachobaki cha kukatia kona. Hayo nimeyajua mbele ya skrini, kwa kugonga ukuta ule ule mara arobaini bila kumlipa mtu bampa.

Kwa hiyo sisemi gemu ni upuuzi. Nasema hivi: gemu linajua sana magari, ila halijui GARI. Ngoja nieleze.

Kila aina ya gari ina tabia yake ya kuzaliwa nayo. Chukua Porsche 911. Wale Wajerumani walipolianzisha miaka ya 1960 waliweka injini nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya matairi ya nyuma, na mpaka leo ipo huko huko. Sasa fikiria umeshika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka halafu unageuka ghafla. Wewe umegeuka, ndoo bado inataka kuendelea na safari yake. Ndivyo ulivyo mkia wa 911. Ukiingia kona kwa kasi, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanaachia lami na injini inakuzungusha. Yaani kile ambacho mwili unakutuma ufanye ukiogopa ndicho hicho hicho kinachokumaliza. Porsche wenyewe walilijua hilo. Kuna kipindi waliweka vyuma vya uzito ndani ya bampa la mbele ili pua itulie, na kwa magari ya mwaka 1969 wakasogeza matairi ya nyuma milimita 57 zaidi kwenda nyuma. Ile 911 Turbo ya kwanza, ya katikati ya miaka ya 1970, watu waliipa jina la utani la "mtengeneza wajane". Jina la namna hiyo halipatikani kwa kuegesha vibaya.

Gemu nzuri zinaiheshimu tabia kama hiyo. Ile Need for Speed ya mwaka 2000 yenye Porsche peke yake ilikuadhibu ukiachia mafuta hovyo konani. Grand Prix Legends ya 1998 ilikwenda mbali zaidi. Ilichukua msimu wa Formula 1 wa mwaka 1967, magari yenye nguvu nyingi, matairi ya zama zile, hayana mabawa ya kuyakandamiza chini, ikakwambia haya, endesha. Watu walikuwa hawamalizi mzunguko mmoja. Wakalalamika kwamba gemu ni bovu. Gemu halikuwa bovu, magari yale ndivyo yalivyokuwa, na madereva waliokufa ndani yake miaka ile ni wengi. Mimi hapo navua kofia, gemu lililokataa kumbembeleza mchezaji.

(Pembeni kidogo: Gran Turismo kwa karibu miaka ishirini hawakuwa na Porsche yenye jina la Porsche, kwa sababu haki za jina zilikuwa zimeshikwa na EA, wenye Need for Speed. Wakawa wanaweka magari ya RUF, kampuni ya Ujerumani inayojenga magari yake juu ya bodi za Porsche. Porsche yenyewe iliingia Gran Turismo Sport mwaka 2017. Kwa hiyo wale mnaobishana pale kantini kuhusu "Porsche" mliyoikimbiza utotoni, ilikuwa RUF. Kesi imefungwa.)

Hayo yote ni tabia ya aina. Sasa gari likikaa barabarani miaka kumi na tano, ishirini, linaota tabia ya pili, ya kwake peke yake, ambayo hata pacha wake waliyetoka naye kiwandani siku moja hana. Hii ndiyo ninayoizungumzia.

Anko wangu, mdogo wake mama, ana Carina Ti. Kabla ya hapo ameendesha malori ya Dar mpaka Tunduma miaka mingi. Likizo iliyopita akanipa funguo nikachukue mtungi wa gesi. Kabla sijawasha nikapewa lekcha:

"Ukiwasha usikanyage mafuta, inakasirika. Gia ya pili haiingii gari ikiwa ya baridi, gusa ya tatu kwanza halafu urudi. Breki ukiikanyaga ghafla inavuta kushoto, kwa hiyo uwe umeshaushika usukani sawasawa. Geji ya mafuta usiiangalie, inasema nusu tangu mwaka juzi. Na ile taa ya injini ikiwaka ni kawaida yake. ISIPOWAKA ndio unipigie."

Nikamwambia, "Anko, sasa siku ukiiuza hii, aliyeinunua si atafia njiani?"

"Naiuza pamoja na maelezo yake," akajibu, wala hakucheka.

Tunaweza kucheka sisi, lakini mtazame mzee mwenyewe akiwa barabarani. Akitoka getini redio imezimwa. Mita mia za kwanza anagusa breki mara mbili bila sababu, ndivyo utakavyodhani, kumbe anaisalimia ajue imeamkaje. Akipita tuta anasikiliza kama bushi zinagonga. Akikata kona akasikia tak-tak-tak upande wa kulia, anajua ni jointi ya mguu inaanza kuchoka, bado ina wiki mbili tatu. Pedali ya breki ikishuka chini kidogo kuliko jana, safari imeisha, tunarudi kwa fundi. Nikamuuliza haya kayajulia wapi. Akasema kwenye malori. Ukishuka Kitonga na mzigo mgongoni unashuka na gia ile ile ambayo ungepandia, injini ndiyo ikushike, kwa sababu ukiisubiri breki ikuambie imechoka, ikikuambia ndio imeshakuaga.

Nikaenda kusoma hilo, na ni fizikia tupu. Breki inageuza mwendo kuwa joto. Joto likizidi, pedi zinapoteza kushika. Halafu oili ya breki ina tabia ya kunywa unyevu wa hewani polepole, mwaka baada ya mwaka, na ikiwa na maji ndani inachemka mapema. Ikichemka inatoa mvuke. Oili haibonyezeki, mvuke unabonyezeka. Kwa hiyo unakanyaga, pedali inakwenda mpaka sakafuni laini kama sponji, na gari halina habari na wewe. Gari lenye oili mpya na gari lenye oili ya miaka sita yanafanana KABISA ukiyatazama kwa nje. Kwenye skrini yanafanana kwa nje na kwa ndani pia, na hapo ndipo penye kesi yangu.

Maana kwenye gemu gari linazaliwa upya kila ukibonyeza kuanza. Tuwe wakweli, wamejaribu. Gran Turismo 4 ya mwaka 2004 ilikuwa na magari yaliyotumika, yenye kilomita zake, na ukilikimbiza sana bila kubadilisha oili nguvu zilipungua. Nililipenda sana jambo lile. Ila dawa yake ilikuwa kitufe kimoja. Unabonyeza, unalipa, gari zima. Hakuna fundi anayekwambia spea imeisha, njoo Alhamisi. Na gari lililogongwa kuonekana limegongwa, kwenye mfululizo mkuu wa Gran Turismo, mpaka toleo la tano mwaka 2010. Kabla ya hapo unampiga mwenzio ubavuni kwa kasi ya kutisha, wote wawili mnaendelea kama mmekutana sokoni.

Kuna gemu moja linaloniunga mkono, nalo ni BeamNG.drive. Humo gari linakunjika kweli, injini inachemsha ukiiumiza, breki zinapata moto mpaka zinagoma, tairi linapasuka. Kuna hadi kigari cha miguu mitatu kinachopinduka ukikiangalia vibaya, mtu yeyote aliyepanda bajaji kwenye kona ya haraka atakielewa. Lakini tazama ajabu: magari ya gemu hilo majina yake ni ya kubuni. Hakuna Toyota wala Mercedes. Mimi dhana yangu ni kwamba kampuni yenye jina haifurahii sana kuona gari lake limelala chali kwenye skrini ya mtoto wa mtu. Matokeo yake, gari lenye jina la kweli lina tabia za kusafishwa, na gari lenye tabia za kweli lina jina la uongo. Mmeliona hilo?

Halafu kuna mwili. Usukani wa gemu unakuletea nguvu za matairi ya mbele mikononi, na unafanya hivyo vizuri. Mkia ukianza kuteleza, dereva wa kweli anaujulia kwenye kiti, makalio ndiyo yanayopata habari kwanza, kabla ya macho. Kiti cha hosteli hakina habari hiyo. Na pedali ya gemu ina springi yake moja, jana leo na kesho ni ile ile. Jamaa akikwambia ana mguu wa breki, muulize wa breki ipi.

Najua mtakachojibu, mmeshanijibu: mbona Jann Mardenborough? Kweli, yule kijana wa Uingereza alishinda GT Academy mwaka 2011 akitokea kwenye Gran Turismo, na mwaka 2013 alihesabiwa Le Mans wa tatu kwenye daraja la LMP2. Filamu yake ilitoka 2023 na wengi wenu mmeiona, nusu ya kelele za block yetu zilianzia hapo. Sasa tuitazame kwa makini. Kwanza, walipompata hawakumpa funguo wakamwambia haya, pakia abiria. Walimfundisha kwanza kwenye magari halisi. Pili, gari la mbio lina kundi la mafundi wanaolifungua na kulifunga baada ya kila mbio. Gari lenyewe ni jipya siku zote, kama la kwenye gemu. Na hata hivyo, Machi 2015 kule Nürburgring, kwenye kilima kinachoitwa Flugplatz, hewa iliingia chini ya pua ya Nissan yake, gari likanyanyuka, likavuka uzio na mtazamaji mmoja akafariki. Simnyooshei kidole, siyo mzembe. Nasema tu kwamba njia ile alikuwa ameipita kwenye skrini mara nyingi kuliko tulivyopita sisi njia ya kwenda maktaba.

Mkitaka shujaa mimi nawapa mwingine, wa hapa kwetu. Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544, gari lililokuwa limeshatumika, siyo jipya kutoka kiwandani. Wenye magari mapya walikuwepo, akawapita kwa zaidi ya saa nzima. Joginder alikuwa fundi. Alijua kila nati ya gari lile kwa sababu mikono yake ilipita humo. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na Safari ya enzi zile mnaijua: vumbi, matope, mito, ng'ombe, na barabara ambazo hazikufungwa, unakutana na basi la watu wanaokwenda harusini. Colin McRae Rally 2.0, gemu la mwaka 2000, ilikuwa na Kenya ndani yake na nimeicheza sana. Dakika chache umemaliza hatua. Safari ya kweli, ile aliyoshinda McRae mwenyewe mwaka 1997, 1999 na 2002, hatua moja iliweza kuzidi kilomita 100. Katika kilomita mia za mawe huendeshi kwa ufundi wa kona. Unaendesha kwa kuliuliza gari kila baada ya muda: bado upo?

Sasa safari yetu.

Kwa ambao hamkuwepo kwenye kikao: bumu limeingia, watu wamechanga, tunakwenda Mikumi Jumamosi, Noah ya kukodi imepatikana. Dereva wa kulipwa amekataliwa, eti anaongeza gharama na anachukua siti. Atakayeendesha ni jamaa yetu wa chumba cha mwisho. Leseni anayo, ya miezi minne. Gari halisi ameendesha shuleni na mara chache la kaka yake, Vitz. Ila sifa yake iliyotajwa kikaoni, na nilihesabu, ilitajwa mara sita, ni kwamba hakuna anayemgusa kwenye Gran Turismo. Ana usukani wa Logitech umefungwa kwenye meza ya kusomea, Nürburgring yote, karibu kilomita 21, anaijua kona kwa kona. Watu wakapiga makofi, kikao kikafungwa.

Jamaa mwenyewe simlaumu hata kidogo. Ukimwangalia pale kikaoni hakusema neno. Usiku tukakutana kwenye korido, akaniambia, na ameniruhusu niliandike hapa: "Mwanangu, mimi sijawahi kuendesha gari lenye watu saba." Aliona aibu kulisema mbele ya makofi. Ningekuwa mimi ningeona aibu pia.

Basi Jumapili nikaenda kuiona hiyo Noah. Ni ile ya zamani, SR40, za mwaka 1996 mpaka 2001. Tofauti yake na Vitz siyo ukubwa tu. Vitz ya kaka yake inavutwa na matairi ya mbele na injini iko mbele. Noah ile inasukumwa na matairi ya nyuma, na injini iko chini ya viti vya mbele, dereva ameikalia. Ni ndefu kwenda juu. Ongeza watu wanane, tuseme kilo 65 kila mmoja, hizo ni kilo 520, na bado hujapakia maji, vyakula na spika ya yule mtu tunayemjua. Gari lenyewe lina kama tani moja na nusu, yaani umeliongezea theluthi ya uzito wake, na nyingi imekaa juu. Kwenye gemu amekuwa akiendesha akiwa peke yake maisha yake yote.

Mnakumbuka habari ya Mercedes A-Class? Mwaka 1997, gari jipya kabisa la kampuni kubwa, waandishi wa jarida moja la Sweden wakalifanyia jaribio la kukwepa mnyama barabarani: kata kushoto, kata kulia. Likapinduka. Mercedes wakayaita magari na kuyawekea mfumo wa kielektroniki wa kuyatuliza. Lilikuwa fupi kwenda mbele na refu kwenda juu. Sasa Noah yetu ina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na Chalinze mpaka Morogoro mbuzi wanavuka bila taarifa. Ndani ya hifadhi pale barabara kuu inapopita wanavuka hata tembo.

Nikaangalia matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa. La nyuma kushoto limeandikwa 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014! Kashata bado ina kashata, yaani kwa macho ni tairi zuri, ila mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu. Usukani nikauchezea gari limesimama: unazunguka kidogo hivi kabla matairi hayajapata habari. Nikamuuliza mwenye gari breki zinavuta upande gani. Akaniangalia kama namtukana. "Gari mzima hiyo, dogo. Inakwenda mpaka Mbeya." Inawezekana kabisa inakwenda mpaka Mbeya. Ikiwa na yeye, aliyeizoea, ambaye mikono yake inarekebisha vitu ambavyo hata hajui kwamba anavirekebisha.

Kwa hiyo mimi napendekeza mawili. La kwanza, tupande treni ya SGR mpaka Morogoro, tangu ilipoanza mwaka 2024 ni chini ya saa mbili na hakuna tochi ya trafiki, halafu pale Morogoro tuchukue gari pamoja na dereva wake. La pili, kama mmeipenda sana Noah, tuichukue na dereva wake. Gharama yake ukiigawa kwa watu ni chipsi kuku moja kwa kila kichwa. Siti moja itapungua, kweli, na mimi niko tayari kubaki, niandikieni mlivyowaona twiga.

Mkiyakataa yote mawili, basi angalau Ijumaa jioni jamaa apewe hiyo Noah kwa saa mbili, mwenye gari akae pembeni, redio imezimwa. Waende nayo Kibaha na kurudi. Amuulize maswali ya Anko: inavuta wapi ukikanyaga breki, gia gani ina kisirani, inachemsha ikifika wapi, oili ya breki ilibadilishwa lini, geji ipi ni ya uongo. Gari la umri ule lazima liwe na majibu. Mwenye gari akisema haina tatizo lolote, haina hata moja, mimi mchango wangu naomba mnirudishie.